Pingamizi la Mchimba Makaburi

Habari kwamba anaoa Jabez Crumpton aliisikia siku moja na kijiji kizima, tena kwa njia ileile: padri alitangaza kanisani.

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Septemba, mwaka wa 1931, na kijiji chote cha Nether Cobley, huko Uingereza, kimejipanga kwenye mabenchi, kila ukoo na benchi lake. Padri Lovibond, mzee wa miaka sabini na kitu, akafungua daftari akasoma ndoa ya Jabez Crumpton, kijana asiye na mke, na Hester Pargeter, msichana asiye na mume, wote wa parokia hii. Huyo kijana ana miaka arobaini na tisa, anachimba makaburi, anafyeka nyasi za kanisa na kugonga kengele. Huyo msichana ana arobaini na nne, na hapo alipo yuko benchi moja na kijana, anatazama mbele hapepesi macho.

"Mwenye pingamizi aseme," padri akamalizia. "Hii ni mara ya kwanza kati ya tatu."

Jabez akageuka nyuma kumtafuta Jabez Crumpton mwingine. Hakumwona.

Ibada ilipoisha, Bi Hester alichomoka kwa mlango wa pembeni, masikio mekundu. Jabez akamdaka Mama Tidmarsh, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, ambaye hapitwi na jambo.

"Mama Tidmarsh, hivi padri kasoma nini leo?"

"Usijifanye mjinga, Jabez. Jumapili ya tano hii unakaa benchi la kina Pargeter."

"Si paa linavuja! Kwenye benchi letu maji yananiingia shingoni."

"Kanisa lina mabenchi ishirini yasiyovuja. Ukachagua lipi?"

Jabez akafikiri. Kweli alichagua lile. Kwa nini, hata mwenyewe hakukumbuka. Lilikuwa na mto laini, labda.

"Kwa hiyo kukaa benchi ndiyo kuposa?"

"Kwani wewe umekulia wapi? Marehemu mume wangu hakunitamkia hata neno moja. Alihamia benchi letu wakati wa Pasaka, kufika Juni tukafunga ndoa. Na ile miaka thelathini yote, bado hakusema."

Jabez akarudi nyumbani, akachemsha viazi, akasahau kuvila.

Jumatatu akamkuta padri bustanini anapunguza mawaridi.

"Lakini si nilikuuliza mwenyewe, pale getini?" padri akashangaa. "Nikakwambia nimesikia habari njema, watu wote wamefurahi, je, niandike? Ukajibu, andika padri, tena kwa herufi kubwa."

"Mimi nilidhani ni habari ya boga!"

"Boga gani?"

"Boga langu, padri! Lililoshika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya mazao. Nikajua unalitoa kwenye kijarida cha parokia."

Padri akaweka mkasi chini taratibu. "Ndiyo maana nilipouliza mambo yalianza lini, ukasema Aprili, kwenye lundo la samadi."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa sana, Jabez. Lakini mambo kama hayo mtu unayachimbaje zaidi?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wa Nether Cobley. Ng'ombe wako akiugua, watu kumi watakuja kukuuliza anakula nini na ananya nini. Moyo wako ukiwa na jambo, watakuuliza kama unadhani mvua itanyesha.

"Na Bi Hester alisemaje?"

"Nilimwambia umeshaniomba nitangaze. Akasema, 'Kama ameshasema, basi.' Sasa, kama hutaki, nifute. Lakini watu wameshasikia. Yule dada atapita wapi?"

Jabez alijua vizuri hilo lina maana gani. Bi Hester alishawahi kuwa na mchumba. Mchumba huyo, Walter, alikwenda vitani Ufaransa akabaki hukohuko, na jina lake liko ukutani kanisani, kwenye jiwe la kumbukumbu ya waliokufa vitani, ambalo Jabez mwenyewe hulisugua kila Novemba. Mwanamke ambaye mchumba wake wa kwanza alichukuliwa na vita, wa pili akamkana kwa sababu ya boga! Angelazimika kuhama wilaya.

Lakini je, yeye Jabez, anataka? Hapo kichwa kiligoma kabisa. Boga alijua analitaka. Koleo jipya alijua analitaka. Hili, kila akijaribu kulipima, alijikuta anafikiria ule mto wa benchi.

Jumanne akavaa kola safi, akaenda kwa Bi Hester kusema ukweli. Akakuta kitambaa cha meza kimepigwa pasi mpaka kinang'aa, chai, na keki.

"Bi Hester, kuhusu ile Jumapili..."

"Ndiyo, Bwana Crumpton?" Mkono wake ukasimama hewani na birika.

Jabez akautazama ule mkono.

"Keki tamu hii," akasema.

Akala vipande vitatu, wakazungumzia mvua, akaaga. Njiani akajitukana mpaka akaishiwa matusi.

Jumapili iliyofuata akapata wazo. Atarudi benchi lao la zamani, watu waone, waelewe wenyewe. Mvua ikaja kubwa. Katikati ya zaburi, Bi Hester akanyoosha mkono akampitishia mwavuli. Kanisa zima likatabasamu kwa upendo ule, na padri akatangaza mara ya pili.

Ikafika Jumapili ya tatu. Baada ya hiyo, imekwisha.

"Mwenye pingamizi aseme. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho."

Jabez akasimama. Ukimuuliza mpaka leo atakuapia hakuamua. Miguu ndiyo ilisimama.

"Bwana Crumpton," padri akasema, uso umempauka, "una pingamizi na ndoa yako?"

"Sijui, padri. Yaani... mimi sikumuuliza. Hakuna aliyemuuliza. Mmeulizana nyinyi kwa nyinyi, mimi mkaniuliza habari ya boga, yeye mkamwambia nimeshasema. Sasa nasimama hapa, huyu dada hajaulizwa na mtu yeyote. Hilo ndilo pingamizi."

Bi Hester ameinamisha kofia, uso hauonekani.

"Basi muulize, wewe!" Mama Tidmarsh akalipuka. "Watu tuna nyama kwenye oveni!"

Jabez akamgeukia Bi Hester. Alishangaa kuona mkono wake unanyoosha kola. Mtu hanyooshi kola kwa kitu asichokitaka, akawaza, au ananyoosha? "Bi Hester. Unaonaje? Mimi na wewe?"

Kofia ikainuka polepole.

"Nitakujibu Jumatano," akasema.

Padri akafunua kitabu cha sala, akapekua mbele, akapekua nyuma, akitafuta kama mara ya tatu inahesabika. Hakuona pa kumsaidia. Akaitisha wimbo.

Siku tatu hizo Jabez hakuonja hata chai. Ndipo akaelewa, akiwa amechelewa kama kawaida yake, kwamba anataka, na kwamba sasa anaweza kukataliwa.

Jumatano asubuhi alikuwa ndani ya kaburi analolichimba, amezama mpaka kidevuni, akaona viatu vyeusi vimesimama ukingoni.

"Sikupenda," Bi Hester akasema kutoka juu, "kuulizwa mbele ya Mama Tidmarsh."

"Samahani, Bi Hester."

"Na ningependa zaidi kama ungenipenda kabla ya kutangazwa."

"Nadhani nilikupenda. Sikuwa na habari tu."

Bi Hester akarudi nyuma hatua moja kumpisha.

"Toka humo, Jabez. Siwezi kumkubali mtu ninayemwona kichwa peke yake."

Jabez akapanda, akateleza, akapanda tena. Alipofika juu, hakujua amkumbatie au avue kofia. Akampa mkono, una matope mpaka kwenye kiwiko, na Bi Hester akaupokea bila kujali glavu yake nyeupe.

Padri Lovibond, kwa usalama, akawatangaza mara ya nne.