Matembele ya Bustani Yamenitoa Jasho

Jamani, leo nilijua nafukuzwa kazi!

Mimi ni karani kwenye bustani ya mimea hapa Birmingham. Dhoruba ilivunja vioo vya banda la mimea ya joto, na jana nikakuta humo ndoo ya marando ya viazi vitamu yaliyokatika. Nikadhani ni taka. Nikachuma majani, nikaenda kupika matembele.

Leo mchana nikiwa nakula, bosi akaingia na ile ndoo.

"Nani kachuma majani? Aina hii imebaki humu ndooni tu!"

Nikaweka kijiko chini. "Mimi."

"Safi sana! Bila majani, marando yatatoa mizizi haraka."

Kisha akanusa. "Unakula nini?"

"Mboga. Karibu," ikanitoka kabla sijafikiri.

Amekula akamaliza, na anataka nimletee tena.

Jamani, nimwambie hayo matembele yametoka wapi?