Laptop Iliyopimwa kwa Kiganja

Mpaka leo nikimwona mtu dukani ananyanyua laptop kwa mkono mmoja, anaipandisha na kuishusha kupima uzito wake, damu inanichemka. Natamani nimpokonye nimwambie, hiyo si korosho baba, iweke chini! Wauzaji wa Mtwara mjini wananijua kwa hilo, wananiita mwalimu mkali. Waniite tu.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mpapura, miaka ile ya elfu mbili na kitu, na huku nasoma stashahada kwa njia ya posta. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu nimalize, ripoti ya utafiti. Kurasa sitini, ziwe zimechapwa, zifike chuoni kabla mwezi wa tatu haujaisha. Ukikosa tarehe unasubiri mwaka mzima, na cheo nacho kinakusubiri au hakikusubiri. Ripoti yenyewe nilishaiandika kwa mkono kwenye madaftari manne. Kuichapa ndiko kulikonishinda. Nilipeleka daftari la kwanza kwenye steshenari moja ya mjini, binti akachapa kurasa kumi na mbili, umeme ukakatika, zote zikapotea, na bosi wake akataka nilipe upya. Nikamuuliza, yaani nilipie giza lenu? Nikachukua daftari langu nikatoka.

Mjini kwenyewe umeme ulikuwa wa kubahatisha siku hizo. Mpapura kwetu haukuwepo kabisa. Kwa hiyo nilikuwa najua ninachotaka kuliko nilivyojua jina langu: laptop yenye betri nzima. Sikutaka rangi, sikutaka spika za muziki. Nilitaka mashine niichaji kwa rafiki yangu Mikindani mara mbili kwa wiki, nirudi nayo nyumbani, iwake saa tatu, nichape. Hata kwa vidole viwili, kurasa mbili kwa saa, ningemaliza na siku zikabaki.

Hela ilikuwa ya mama. Malipo ya pili ya korosho zake, yale ya chama cha ushirika, yalikuwa yametoka mwezi wa kwanza, akasema chukua yote, nunua hiyo mashine, umalize shule. Nataka mjue korosho hizo ziliokotwaje. Mama alikuwa na mgongo mbovu, kuinama hawezi, kwa hiyo aliokota amepiga magoti, anajikokota kutoka mkorosho mmoja hadi mwingine, msimu mzima. Magoti yake yalikuwa na sugu. Hela yote ile ilitosha laptop ya mtumba na nauli, basi. Laptop mpya tuliziangalia kwa nje ya kioo.

Sasa kwetu Wamakonde, jambo kubwa la nyumbani halipiti bila mjomba, au njomba kama tunavyomwita. Kaka wa mama ndiye mwenye neno. Ndiye anayekwenda kwenye posa, ndiye anayesimama kwenye mizani korosho zikiuzwa. Mama akasema, hela zote hizi mwende wawili, njomba wako anajua mali. Nikasema sawa mama. Na hapa lazima niseme kwa nini nilisema sawa upesi hivyo, maana mdomo wangu unajulikana.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na magari yao. Mizani ilikuwa ya kuning'iniza, inafungwa kwenye tawi, gunia linatundikwa kwenye ndoano. Siku hiyo lilipandishwa gunia la mama. Mimi nilikuwa mfupi, nimesimama chini, nikaona kile ambacho watu wazima waliokuwa wanatazama mshale juu hawakukiona. Yule mnunuzi alikuwa amelinyanyua gunia kwa goti, mizani isome pungufu. Nikapiga kelele, "Njomba! Kaweka goti chini ya gunia!" Watu wakacheka, mnunuzi akashusha mguu. Mjomba akanigeukia akanipiga kofi moja, sikio likalia mpaka kesho yake. "Mtoto haongei mbele ya mizani," akasema. Gunia likaandikwa kwa uzito uleule uliopunguzwa na goti. Mimi tangu siku hiyo, mjomba akiwa kwenye biashara, nilikuwa nafunga mdomo.

Basi tukaenda mjini, mimi na yeye na hela ya mama imefungwa kwenye pindo la khanga yangu. Mjomba alivaa kanzu na koti kama anakwenda kuoa. Tukaingia duka moja karibu na soko, la kijana mmoja aliyetoka Dar, mchangamfu kupita kiasi. Zilizokuwa ndani ya uwezo wetu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyembamba, nyepesi, kifuniko kimechubuka, na kitufe kimoja cha safu ya juu kimeng'oka. Nyingine ilikuwa nyeusi, nene, nzito kama jiwe la kusagia, inang'aa utadhani imepakwa mafuta ya nazi. Ile nyembamba ilikuwa rahisi kidogo.

Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, si mbumbumbu. Wakati mjomba na muuzaji wanaulizana habari za kwao, nikaichomoa ile nyembamba kwenye umeme. Nikafungua, nikachapa aya ya kwanza ya ripoti yangu kutoka kichwani, nikachapa na ya pili. Salamu za mjomba si za dakika mbili, nusu saa ikapita. Nikatazama kidude cha betri pale pembeni ya skrini, imeshuka kidogo tu, na inaniambia bado saa mbili na nusu. Hii hapa! Nikanyoosha mkono nichomoe na ile nyeusi, niipime vilevile. Mkono wa muuzaji ukafika kabla ya wangu.

"Usiichomoe dada, inachaji hiyo."

Nikatazama. Betri inaonyesha imejaa. Mtu hakuzuii kuchomoa kitu kilichojaa, isipokuwa anajua kitakachotokea. Nilijua palepale, kama ninavyomjua mtoto aliyenakili mtihani.

Mjomba akasema, "Lete nione." Akaiweka ile nyembamba kwenye kiganja, akaipandisha, akaishusha, macho kafumba. Akachukua nyeusi, akafanya vilevile. Ndivyo tunavyopima korosho. Nzito ina kitu ndani, nyepesi imesinyaa. Halafu, Mtume! akaipeleka ile nyembamba sikioni akaitikisa. Korosho njema haichezi ndani ya ganda lake. Na kwa bahati yangu mbaya kitu kikacheza mle ndani, kiskrubu tu, kiskrubu kisicho na maana yoyote. Akaitikisa na nyeusi. Kimya.

"Hii imekonda ndani," akasema juu ya ile nyembamba. "Halafu ina pengo."

Muuzaji akacheka mpaka akashika meza. "Mzee wangu, wewe unajua mali! Watu wanakuja hapa na vyeti vyao hawajui kukagua kama wewe." Mshenzi yule. Bado nayaona meno yake.

"Na bei yake inanitia wasiwasi," mjomba akasema. "Rahisi huvunja upishi."

Ikanunuliwa nyeusi. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa. Njiani mjomba aliibeba mwenyewe kwapani, kila tunayekutana naye anamwambia, mwanangu nimemnunulia kompyuta, nzito hiyo, jaribu uone. Na watu wanajaribu, wanapokezana, wanaguna. Nilikuwa nyuma yake natembea na hasira zangu.

Tukapitia Mikindani, nikaiacha kwa rafiki yangu ichajiwe usiku kucha. Nikaileta nyumbani siku ya pili. Nikaketi, mama kaketi kando yangu kuangalia hela yake inavyofanya kazi. Nikawasha. Ikawaka vizuri, ikapiga na kimuziki. Nikaandika jina la chuo, jina langu, kichwa cha ripoti. Ikazima. Nilikuwa na saa mkononi. Dakika saba.

Mama akauliza, "Imemaliza?"

Nilirudi dukani Jumamosi iliyofuata peke yangu, naongea tangu mlangoni. Yule kijana hakutikisika. "Betri haina garantii dada. Kwani mzee hakuikagua mwenyewe?" Nikamwambia nipe ile nyembamba, nakurudishia hii, na chenji sidai. "Ile? Iliondoka jioni ileile, kanunua mwalimu mwenzako wa Nanyamba." Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Wateja wakanitazama. Nikatoka na jiwe langu.

Sikukata tamaa, msinifikirie vibaya. Kila Jumamosi na Jumapili nilikwenda kukaa sebuleni kwa rafiki yangu, nikachomeka chaja ukutani, nikachapa. Betri nayo ilishakufa kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika, na ulikatika, mashine inazima papohapo, na chochote ambacho sijahifadhi kimekwenda. Nilikuwa nahifadhi kila sentensi mbili kama kichaa. Wiki nyingine tunakaa gizani siku zote mbili, mimi na mume wa rafiki yangu tunatazamana, ameshanichoka. Mwezi wa tatu uliisha nikiwa ukurasa wa thelathini na nne.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne mjomba akaja kula kwetu. Mama alikuwa ukumbini kwenye mkeka, anamenya mihogo. Mjomba akanawa, akamega ugali, akauliza kwa furaha zake, "Ile kazi yako ya chuo imefika?"

"Haikufika, njomba. Na mwaka huu haifiki tena. Ulininunulia jiwe."

"Astaghfirullah, we mtoto!" mama akasema.

"Niache mama, leo niseme." Nikasema yote. Kwamba kompyuta haipimwi kwa kiganja. Kwamba haitikiswi sikioni. Kwamba nimepoteza mwaka, na hela ya mama imekwenda kwa mhuni wa sokoni kwa sababu mtu mmoja anajua korosho akadhani anajua dunia nzima. Sijawahi kusema na mkubwa vile, na nilijisikia vizuri, nisiwafiche.

Mjomba alisubiri. Akafuta vidole. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilikuuliza," akasema.

Ni kweli. Hapa ndipo ninaporuka kila ninapoisimulia habari hii, na hata hapo juu nimeruka. Pale dukani, ile nyeusi iko mkono huu na nyembamba mkono ule, mjomba alinigeukia mbele ya yule muuzaji. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Ipi?" Nikatazama chini, nikasema, "Wewe ndiye mkubwa, njomba." Akauliza tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Sema tu. Mimi vitu hivi sivijui." Nikamjibu, "Utakayochagua wewe." Watu husema hiyo ni adabu. Haikuwa adabu. Kofi la mizani lilikuwa bado linanilia sikioni, na nilitaka akosee. Nilitaka akosee mbele ya watu.

Nikamwambia, "Uliniuliza, ndiyo. Na siku ile ya mizani niliposema bila kuulizwa, ulinipiga."

Nilidhani atauliza mizani gani. Hakuuliza. Akasogeza sahani ya ugali kando.

"Nililiona lile goti," akasema. "Hata kabla yako. Lakini alikuwa mnunuzi peke yake aliyefika msimu ule. Tungemtia aibu angepandisha mizani yake kwenye gari akaondoka, tukabaki na magunia."

Miaka yote ile nilidhani alikuwa hajaona.

"Ile nyepesi," akauliza, "ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima."

"Ulijua palepale?"

"Palepale."

Akatikisa kichwa. "Basi mara ya kwanza niliona mimi nikanyamaza. Mara ya pili umeona wewe ukanyamaza. Na zote mbili korosho ni za mama yako."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu kumi, na kila moja lilikuwa linanirudia mwenyewe. Hasira ilikuwa palepale, imejaa kifua, ila haikuwa na pa kwenda. Wote wawili tukageuka kumtazama mama, ambaye tulikuwa tunamzungumzia kama vile hayupo.

Mama aliweka kisu juu ya maganda ya mihogo.

"Mmeshamaliza na korosho zangu?" akasema. "Haya, nishikeni niinuke. Mgongo umekaza."