Walitufunga kwa gari, ufunguo ukaenda kununua viazi Kedowa

Wakuu, chamgei. Hii sikuambiwa na mtu, mkono wangu bado uko na alama ya pingu.

Nilishikwa juu ya kupigana na jirani. Ng'ombe zake zilimaliza mahindi yangu, nikamwongelesha na ngumi. Hiyo iko kortini, tuiache.

Asubuhi, mvua inanyesha, tukatolewa seli twende korti Kericho. Mimi na Mzee Kiptoo, mwenye alipatikana na pombe ya busaa. Mzee ako na asthma.

Pump yake walichukua pale counter pamoja na mshipi yangu, wakaweka kwa bahasha, sajini akatia bahasha kwa jacket yake. Ati procedure. Sawa, mshipi ningejinyonga nayo. Na pump je? Mzee angepulizia ukuta ianguke?

Gari ni Landcruiser, nyuma imefunikwa na turubai. Sajini akafunga kila mmoja wetu mkono kwa chuma ya gari, ati tusiruke. Nani aruke na hiyo speed? Halafu akafunga turubai mpaka chini, ati tusinyeshewe. Huruma ya ajabu!

Kumbe exhaust imetoboka. Moshi yote inaingia kwetu.

Mzee akaanza kukohoa. Nikamwambia, "Mzee, inama, hewa iko huku chini." Pingu ikakataa. Nikapiga dirisha ya dereva na ngumi.

Dereva akaongeza redio.

Kufika Kedowa gari ikasimama. Nikasema asante Mungu, wamesikia. Wapi! Sajini alikuwa ameona viazi.

Sasa mzee haongei, macho imetoka, anavuta pumzi kama mtu anakunywa uji moto. Nikapiga nduru. Mama mmoja anauza viazi hapo kando ya barabara akaja akafungua turubai, moshi ikamtokea kwa uso.

"Uui! Dereva, toa huyu mzee!"

"Ufunguo iko na afande."

"Na afande ako wapi?"

Dereva akaonyesha soko na mdomo. Hata hakuzima redio.

Jameni, hapo niliogopa. Mtu anakufa amefungwa kwa gari ya serikali, na mwenye ufunguo anachagua viazi.

Yule mama alikimbia akipiga kelele mpaka soko yote ikageuka. Sajini akakuja. Anatembea, wakuu! Nikapiga kelele, "Pump iko kwa jacket yake!" Mama mwenyewe akaingiza mkono kwa jacket ya sajini, akatoa bahasha, akairarua. Mzee akavuta pump, akavuta tena, polepole rangi ikarudi. Nililia, sifichi.

Mnadhani sasa aliketishwa mbele? Mbele kulikuwa na gunia ya viazi. Mzee alibaki nyuma na pump yake, turubai wazi, na hiyo ni kwa sababu mama alikataa kutoka hapo mpaka wakubali ibaki wazi.

Kuanza kushuka kwa majani chai, nikasikia sajini akimwambia dereva, "Pole pole kwa kona, viazi zitapondeka."

Na gari ikaenda pole pole.

Nilichojifunza: mtu wako akishikwa, kabla gari itoke ulizia dawa yake iko na nani, na ufunguo ya pingu iko na nani. Usione aibu, uliza kwa sauti.

Mzee ako nyumbani, anawasalimia.

Maafande mko humu, najua mnasoma. Nijibuni hii moja tu: siku ingine mkitubeba, tukae na viazi kwa mapaja ndio mwendeshe kama watu?