Seredani ya Mama Niliyoipaka Rangi

Mie sikuwa naipenda ile seredani, na nisije nikasema uongo sasa kwa kuwa mwenyewe hayupo. Ilikuwa jiko la mkaa la chuma cha kumimina, lenye tumbo pana, miguu mitatu, na uzito wa kumvunja mtu kiuno. Mama alikuja nayo kutoka Unguja, akaacha huko sanduku zima la nguo ili ipate nafasi. "Nguo zinashonwa," alisema. Nyumbani kwetu Ghubra, hapa Maskati, tulikuwa na jiko la gesi na oveni, lakini yeye mkate wa kumimina hakuukubali mpaka upikwe kwa mkaa juu na mkaa chini.

Sasa Ghubra bahari iko karibu, na hewa ya chumvi haiachi chuma salama. Mwaka mzima seredani inakaa uani inakula kutu, na kila Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, miaka yote ile ya tisini, mimi na Mama tunaketi juu ya jamvi kuisafisha ili Ramadhani iikute tayari. Kwanza jivu la zamani linatolewa kwa mkono. Halafu brashi ya waya, mpaka vumbi la kutu lituingie puani. Halafu kumbi la nazi, ndimu na jivu laini, kusugua kila pembe, pamoja na vile viua vya urembo vya ubavuni, ambavyo aliyeviweka sijui alikuwa na ugomvi gani na watoto wa watu. Inafutwa, inaanikwa juani, na chuma kikishapata moto kinapakwa mafuta ya nazi kwa kitambaa.

"Kidogo!" Mama hunichapa mkono. "Unapaka chuma, hukaangi samaki."

"Mama, si tununue mpya?"

"Nunua na mama mpya basi."

Nikinuna, yeye anacheka. Mwisho wa kazi seredani inang'ara nyeusi tii, mikono yetu myeusi vilevile, na yeye anaitazama. Nilijua hapo hayupo Maskati.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili Mama akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Shaabani ile akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu nisafishie wewe. Nna hamu ya mkate wangu, na mwakani sijui kama utanikuta."

"Usiseme hivyo, Mama. Kesho inshallah."

Kesho ikazaa kesho. Nilikuwa nafanya kazi Ruwi, narudi nimechoka, na Ijumaa nalala. Tena niseme yote: kuketi juu ya lile jamvi peke yangu, bila yeye kunigombeza, niliogopa. Ramadhani ikaingia seredani ina kutu yake.

Siku ya tatu ya mfungo nikaitia kwenye gari nikaipeleka Wattaya, gereji ya kupaka rangi magari. Fundi alikuwa mtu wa Mombasa. Akaizunguka, akainama kuitazama ndani.

"Dada, hili si jiko? Ukiwasha, rangi itaungua."

"Wewe paka tu," nikamwambia. "Nna haraka."

Haraka haraka haina baraka, naijua tangu chuoni, nikisoma Kurani kwa mwalimu, lakini nani alikuwa anasikia? Ikarudi nyumbani inameta rangi ya fedha, kama rimu ya gari.

Mama akaipitishia ule mkono mzima. "Mashallah, imependeza," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi ya mwenziwe. Nikajifanya sikuona.

Tukaiwasha alasiri ileile. Mkate ukaumuka vizuri, lakini moshi wake, jamani! Harufu ya rangi ikajaa uani, ikazama ndani ya mkate. Baada ya adhana nikaonja kipande, nikakitema kwenye tishu. Mama, ambaye hata iliki ikiwa imekaa sana kwenye mkebe aliijua kwa ulimi, akatafuna chake polepole mpaka kikaisha.

"Mama, uache huo mkate. Unanuka rangi."

"Nani kasema? Nikatie kingine."

Nikamkatia. Akakila chote, ananitazama machoni. Nilitaka anitukane. Wallahi, angenitukana ningepata raha.

Shaabani iliyofuata hakuifikia. Rangi ile niliibandua kwa msasa, mimi na jamvi langu, Ijumaa nne, mpaka kucha zikaisha. Nikalia kwenye brashi, nikalia kwenye ndimu, nikamtukana yule fundi ambaye hakuwa na kosa lolote. Halafu nikapaka mafuta, nikaanika, nikapaka tena. Siku ya kwanza ya Ramadhani nikapanga mkaa chini, nikamimina unga wa mkate, nikafunika, nikapanga mkaa juu. Mkate ukatoka wenyewe hasa, umeiva pande zote, unanukia nazi na iliki, hauna dosari hata moja.

Nikakata kipande cha kwanza. Ndicho alichoniomba, kimechelewa mwaka mmoja, na sikujua nimpe nani.