Mtoto Wangu Ananiita Ticha

Admin, nifiche vizuri, kwa sababu nusu ya Kianjai iko kwa hii peji na wanapenda maneno ya watu kuliko chai. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nane, nimeolewa, mtoto ni mmoja, msichana anayeenda miaka mitano. Tumwite Karimi. Jina lake halisi ni la mama mkwe, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Bwanangu anafanya kazi kwa duka la hadiwea huko Embu, huja mwisho wa mwezi. Sijapigwa, sijaachwa, mpango wa kando hakuna. Wanaotafuta hayo wasonge posti nyingine.

Karimi alipoanza tu kutembea nilipata nafasi chuoni Meru mjini, kozi ya cheti ya ualimu wa chekechea. Nilifurahi vibaya. Mama mkwe ndiye aliniambia, "Enda usome, mwanangu. Huyu mtoto ni mimi mwenyewe, nitashindwaje kujilea?" Nikapanga chumba Majengo, nyuma ya bucha, nikawa nachora herufi kwa karatasi za simenti na kuosha vifuniko vya soda vya kufundishia hesabu. Nyumbani nilienda wikendi nikipata nauli. Karimi alituita sote mama, mimi na nyanya yake, na hakuna mtu aliona shida.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ulipofika, niliomba nipelekwe nasari ya kwetu kijijini ili niwe karibu na mtoto. Nikapewa darasa lake. Siku mwalimu wa chuo alikuja kunikagua, Karimi alinishika sketi akakataa kuachilia, analia mama, mama. Yule mwalimu akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni wangu. Akasema, "Madam, hapa hakuna wako. Ukiwa na wako, hawa wengine watakuwa wa nani?" Na alikuwa na haki, tusimlaumu.

Basi nikamfundisha Karimi kuniita Ticha. Nilitumia ile njia ya chuoni: mtoto akikosea unanyamaza kama hujasikia, akipatia unamsifu. Akiniita mama, mimi kimya. Akisema Ticha, darasa lote linampigia makofi ya kilo. Alishika haraka sana, ni mtoto mwerevu. Hata nyumbani nilimwambia aendelee hivyo hivyo asije akachanganyikiwa. Mazoezi yakaisha, mwalimu mkuu akanibakisha hapo hapo nifundishe, na Ticha ikabaki.

Siku ya kufuzu walikuja wote Meru. Karimi alinivalisha shada la karatasi za kumetameta akasema, "Hongera, Ticha." Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Cheti kiko ukutani kwa mama mkwe, karibu na picha yake ya harusi, na anakipangusa kila Jumamosi. Si mtu mbaya huyo mama. Asije mtu hapa chini kuniambia nimelogewa mtoto.

Muhula uliopita Karimi aliteleza kwa matope wakati wa uji, goti likapasuka. Nilikimbia nikamwinua. Akaniambia, "Ticha, niitie mama." Nikamwambia, niko hapa. Akaniangalia vizuri usoni, akarudia, "Ticha, niitie mama." Mpishi wa uji alikuwa amesimama hapo na mwiko, akageukia sufuria yake. Nilimpigia mama mkwe simu, akatoka shambani na gambuti miguuni, na mtoto akanyamaza mara tu alipobebwa. Mimi nilirudi darasani tukaimba wimbo wa siku za wiki. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na hilo ndilo linanitisha.

Sasa bwanangu amepata nyumba nzuri Embu, na mimi nimepata kazi kwa nasari ya huko. Anataka shule zikifunguliwa Januari tuwe tumehamia sote. Mama mkwe alisema, "Nyinyi nendeni salama. Karimi ana jina langu, Karimi ni mimi. Mtu mzima anahamishwa kwake bila kuulizwa?" Bwanangu akasema, "Mama, huyu ni mtoto wetu. Atalia wiki moja, atazoea." Halafu wote wawili wakanigeukia mimi, eti mimi ndiye nimesomea watoto.

Ni kweli, nimesomea. Kwa mtihani tuliulizwa mtoto mdogo anaumia vipi akitenganishwa na yule aliyemzoea. Nilijaza ukurasa, nikageuza, nikaendelea upande wa pili. Nilipita vizuri. Nikimchukua, najua ninamfanyia nini. Nikimwacha, atakuwa mkubwa na mimi nitakuwa yule ticha wa Embu anayekuja na mkate.

Jumapili nilijaribu. Tulikuwa jikoni mimi na yeye peke yetu, tunachambua maharagwe. Nikamwambia, "Karimi, kuanzia leo niite mama." Alifikiria kidogo, akasema, "Mama." Halafu akaniangalia, anangoja nimpigie makofi.

Nilimpigia. Ningefanya nini?

Sokoni naitwa Mama Karimi, kanisani Mama Karimi, hata fundi wa viatu ananiita hivyo. Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa nyinyi mliolelewa na nyanya zenu, niambieni ukweli hata kama unauma: nimfunge begi twende naye Embu, ama nimwache kwa mama yake?