Aliuonja Kwanza Uji wa Mwanangu

Jamani, leo nusura mwanangu ashinde na njaa kwa woga wangu!

Tumetua Rumonge kwa mtumbwi asubuhi, mimi naye, tukimfuata baba yake anayejenga boma la Wadachi kule Usumbura.

Maziwa yamenikauka njiani. Mtoto kalia mpaka sauti imekwisha.

Mama mmoja Mrundi akatoka na kibuyu cha uji wa mtama.

"Amahoro, mama. Mutoto iko na njaa."

Nikanyoosha mikono. Yeye akakipeleka kinywani mwake, akanywa kwanza!

Kwetu Ujiji mgeni hapewi mabaki. Tena mama mkwe alinionya: ugenini kuna sumu.

Nikamkumbatia mtoto. Nikasema sitaki.

Akacheka. "Wee! Nimekunywa uone hakuna sumu. Asiyeonja ndiye wa kuogopa."

Nikampa mtoto. Akanywa mpaka akasinzia, nami nikabaki nasikiliza pumzi zake.

Kwa shukrani nikampa yule mama tende zangu.

Akazishika tu, hazili. Ananitazama mdomo.

Kumbe naye ananiogopa!

Nikang'ata moja mbele yake. Ndipo akala.

Semeni kweli, dada zangu: ninyi mngempa mtoto ule uji?