Siku Tatu Bila Kikapu

Mgongo uliokuwa mgonjwa ni wangu. Naanza na hilo kwa sababu ukiwauliza majirani zetu hapa Nyamache, watakuambia kwamba mwaka jana mume wangu aliugua mgongo, akaenda mjini akaumikwa kwa vikombe, akapona kwa neema ya Mungu. Kuumikwa aliumikwa kweli. Hayo mengine ni hadithi aliyowapa mwenyewe, na aliwapa pamoja na chai niliyoipika mimi.

Mume wangu ni mwenyekiti. Usiniulize wa nini. Wa josho la ng'ombe, wa maendeleo ya kanisa, wa mradi wa maji ambao mabomba yake yalishafika na maji yenyewe bado yanajadiliwa. Alistaafu ukarani akiwa mzima kabisa, na tangu siku hiyo kazi yake ni kuketi. Kazi yangu mimi ni chai. Siku za lori la kiwanda kuja kuchukua majani natoka alfajiri na kikapu mgongoni, nachuna majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kijae, halafu nakipandisha kilima hadi kituo cha kuuzia. Watoto wetu wote ni watu wazima, wako Nairobi na Nakuru, na kila mmoja hunipigia simu kunishauri nipumzike.

Aliyeuona mgongo wangu kwanza ni mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Nimenunua kwake tangu watoto wakiwa wa kushonewa sare za shule. Siku hiyo nilikuwa nachagua kitambaa cha sare ya akina mama wa kanisa, nikainama kutazama kilichokuwa chini, nikashindwa kuinuka kwa mara moja. Niliinuka kwa awamu.

"Dada, huo mgongo unalala nao kweli?" akaniuliza.

"Ndio huohuo, mama. Sina mwingine."

Alicheka, kisha akanieleza. Nyuma ya duka wana chumba cha hijama. Mumewe huwaumika wanaume siku ya Jumanne, yeye huwaumika wanawake Jumatano. Vikombe vinabandikwa mgongoni vikavuta ngozi, zinachanjwa chale ndogo, vinabandikwa tena vikatoa damu mbovu. Nilikuwa nasikiliza kwa adabu tu, mpaka alipofika kwenye masharti ya baadaye. Siku tatu, alisema. Siku tatu usishike jembe, usibebe kikapu, usiguse maji baridi, usipigwe na upepo.

Baada ya hapo sikusikia kingine. Siku tatu! Mara ya mwisho kupumzika siku tatu mfululizo ilikuwa nilipojifungua kitinda mimba wangu, na hata hapo, ya tatu ilinikuta jikoni. Sitadanganya kwamba nilivitamani vikombe. Nilizitamani siku.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mwenyekiti. Alikataa papo hapo. Damu, vikombe, na sisi ni watu wa kanisa, watu watasemaje? Akakaa na jambo hilo siku mbili, na ya tatu akaja na uamuzi. Hakuna mwanamume mwenye akili, alisema, anayeweza kumwacha mkewe aingie mahali ambapo yeye mwenyewe hajapakagua.

"Mimi ndio kichwa ya hii boma," akaniambia. "Wacha niende mbele nikague."

Jumanne akaenda kukagua. Wakaguzi wengine hutumia macho. Wangu alitumia mgongo, vikombe saba.

Alirudi jioni kwa bodaboda akiwa amevaa sweta, na juu ya sweta koti, na juu ya koti shuka la mtu nisiyemjua. Mkononi alikuwa na karatasi ya masharti. Aliniita, akaketi, akanisomea kwa sauti ya matangazo ya kanisani. Leo asioge. Leo asile nyama wala asinywe maziwa, kwa hiyo chinsaga, mboga yetu chungu ninayoilaza kwenye maziwa, aliitazama kwa huzuni hadi kesho yake, akaila ya siku mbili. Asinyanyue kitu kizito. Alale kifudifudi. Apakwe mafuta ya habasoda mgongoni asubuhi na jioni. Na la mwisho, ambalo alilisoma mara mbili: mgonjwa asikasirishwe.

Nimesoma karatasi nyingi maishani, za shule, za hospitali, za kesi ya mpaka wa shamba. Sijawahi kuona karatasi iliyomkaa mtu vizuri namna ile.

Zile siku tatu zikaisha. Yeye hakuisha. Alisema damu ya mtu wa umri wake hurudi polepole, na kwamba karatasi iliandikiwa vijana. Zikawa wiki mbili. Wageni wakaja kumwona mgonjwa, na sukari, na mkate, na ndizi mbivu. Akawafunulia mgongo wote waone yale madoa saba ya mviringo, mekundu yanayoelekea weusi. Wazee wakakumbuka kwamba hata babu zao waliumikwa kwa pembe ya ng'ombe, wakaridhika kwamba jambo hilo ni letu. Kisha mwenyekiti akawafundisha masharti, moja baada ya jingine, na wao wakaitikia.

"Watu wengi wanafikiri kikombe ndio inaumiza," alikuwa akiwaambia. "Hapana. Kinachoumiza mtu ni kuvunja masharti. Baridi ikiingia kwa hizo vidonda, hiyo ni wewe na Mungu wako."

Mimi nilikuwa naongeza chai. Asubuhi na jioni nilimpaka mafuta yake, naye amelala kifudifudi kitandani, akiniagiza.

"Usibane mafuta, mama watoto. Mwaga."

Nikamwaga. Kwenye ule mgongo haikuwepo alama nyingine yoyote zaidi ya yale madoa saba. Laini kama unga. Katikati ya hizo huduma nilienda kwenye chai siku zote za lori, na kikapu changu, na mgongo wangu ambao haukuwa na karatasi.

Jioni moja nikamuuliza Jumatano yangu ni lini.

"Ngoja kwanza nipone," akasema. "Tukilala sisi wote wawili, nani atachuna chai?"

Hakulisema kwa ubaya. Ndilo lililoniuma zaidi. Aliuliza kama mtu anayeuliza jambo la maana, akanitazama nimjibu. Nilikasirika mpaka mafuta yakamwagika shukani. Karatasi ilisema mgonjwa asikasirishwe. Haikumtaja mpishi.

Jumatano ya wiki ya tatu nilikipindua kikapu kikatazama chini mlangoni, nikavaa gauni langu la kutokea, nikaenda mjini. Yule mama wa vitambaa alinilaza kwenye chumba cha nyuma, akafanya kazi yake, na mara mbili nikamsikia akivuta pumzi. Alipomaliza akanipa karatasi, ileile, na chupa ndogo ya mafuta.

"Nyumbani kuna mtu wa kukupaka?"

"Yuko, mama. Ni mtaalamu."

Nilimkuta mtaalamu uani pamoja na jirani yetu, mweka hazina wa akina mama wa kanisa, aliyekuwa amepita kuulizia mkutano. Nikampa mwenyekiti karatasi. Aliisoma kana kwamba haijawahi kupita mbele ya macho yake.

"Hizi karatasi usizishike sana," akasema. "Yangu ilikuwa kali kwa sababu ilikuwa ya wanaume."

Jirani akaweka mkono kiunoni. "Aaa, mwenyekiti. Si ni wewe ulituambia kinachoumiza mtu ni kuvunja masharti? Kesho lori inakuja. Mama akishika kikapu, baridi iingie kwa vidonda, tutaambia kanisa nini?"

Mume wangu akaitazama karatasi, akamtazama jirani, akanitazama mimi. Akafungua kinywa kama anayetaka kuahirisha kikao. Akidi haikutimia. Jioni hiyo alinipaka mafuta kwa vidole viwili, tone moja moja, kichwa amekigeuzia redio iliyokuwa ikisoma taarifa ya habari. Nadhani aliipaka fulana yangu zaidi kuliko ngozi.

Asubuhi nilimsikia akizunguka nyumba akitafuta kikapu, ambacho kilikuwa mlangoni. Kisha akaondoka nacho kwenda kuchuna chai. Nililala kifudifudi nikasikiliza mvua ikianza juu ya mabati, na sitajifanya kwamba nilimhurumia. Nililala usingizi mzito, nikaamka, nikaona bado ni mchana, nikalala tena kwa makusudi.

Alirudi alasiri amelowa. Karani wa kituo alikuwa ameyamwaga majani yake turubaini, akayachambua mbele ya watu, akamrudishia nusu: majani mapana kama kiganja, na vijiti. Mwenyekiti alisema yule karani hana heshima kwa wakubwa. Akasonga ugali, ukatoka na mabonge ya unga, tukaula. Alipotaka kuinua kikombe cha chai mkono ukagoma kwenye bega, akakirudisha mezani, akatumia wa kushoto. Wa kushoto nao ukagoma.

"Upepo umekuingia?" nikamuuliza kwa upole mwingi.

Akainamia kikombe, akanywea palepale mezani. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa nimebakiza maneno mengine, nimeyaandaa kwa wiki tatu nikiwa kati ya michai, makali yote, na niliyapanga niyatoe moja moja akinipaka mafuta.

Kabla giza halijaingia akaja na chupa. Redio hakuiwasha. Nikalala, nikafunua mgongo. Akapaka doa la kwanza, la pili, akapanda juu kuelekea mabegani, na hapo mkono ukasimama.

"Huyu mama amekufanyia vibaya," akasema.

"Wapi?"

"Hapa kwa mabega. Hizi si za kikombe. Ni mistari, mbili, zimeingia ndani kabisa. Mpaka ngozi imekuwa ngumu." Akapitisha kidole, bega la kulia, kisha la kushoto. "Alikufunga na nini?"

"Hajanifunga na kitu. Hiyo ni mikanda ya kikapu."

Nilimsikia akiweka chupa chini, na kwa pembe ya jicho nikamwona akipeleka mkono kwenye bega lake mwenyewe, chini ya shati, mahali palipokuwa pamemgomea tangu alasiri. Aliubakiza mkono hapo. Tumeoana miaka thelathini na mmoja. Ameninunulia magauni ya Krismasi, ameniweka mbele ya watu kanisani akiita mgongo wangu nguzo ya boma, na ule mgongo wenyewe alikuwa hajawahi kuutazama.

Nikayatafuta yale maneno yangu makali. Sikuyapata hata moja. Nilichokuwa nacho ni machozi, yakaingia kwenye mto, na sikutaka ayaone.

"Hizi za kikombe zinaisha wiki mbili," akasema baadaye. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kijijini. "Na hizi zingine? Zinaisha lini?"

"Sijui," nikamwambia. "Hazijawahi kupumzika nikaona."

Akachukua chupa. Niliyasikia mafuta yakimiminika kiganjani, mengi, si tone. Akaanza na bega la kulia, akiupaka ule mstari wa ngozi ngumu polepole, kwa ule mkono wake uliokuwa unauma.